Rundo la Skarvneset

Jambo hili lilimpata Sunniva, jirani yetu wa mlango wa pili. Anayetaka kubisha aje tumpeleke kwenye rasi ya Skarvneset kwa mashua akajionee mwenyewe. Mimi sitashuka.

Asubuhi ile ilikuwa ya kawaida, jua la Julai, maji yametulia kati ya majabali. Sunniva aliongoza watalii kwa safari za siku moja, kwa boti ya umeme isiyo na moshi wala kelele. Nahodha wake alikuwa mjomba Anfinn, aliyemlea tangu wazazi wake wafariki. Wageni walikuwa wawili tu, Mogens na mkewe Birthe, watu wa Denmark.

"Boti gani hii haingurumi," Anfinn alilalamika huku akiwamiminia kahawa. "Samaki wenyewe wanadhani tumekufa."

"Ndiyo maana pomboo hawatukimbii, mjomba."

"Haya, bibi mazingira." Akamgeukia Mogens, aliyekuwa ameinua uso kutazama vilele. "Na wewe shingo itakuuma leo. Kwenu mlima mrefu ni ngazi ya ghorofani."

Mogens alicheka mpaka kahawa ikammwagikia.

Kanuni ya safari ilikuwa moja: mkiondoka, pasionekane kama mlifika. Maganda ya machungwa yanarudi mfukoni. Na yale marundo ya mawe ambayo watalii huyajenga kila kona wapigie picha, Sunniva aliyabomoa yote. Kwa hilo alikuwa mkali, hana mzaha.

Skarvneset hakuwahi kushuka na wageni. Siku ile Birthe aliomba anyooshe miguu, wakatia nanga. Anfinn alibaki botini akihangaika na betri. Nyuma ya mwamba, Sunniva akaona rundo lililomfika kiunoni. Mawe ya juu yalikuwa safi, hayajashika hata kijani.

"Watalii wa juzijuzi hao," alisema kwa hasira. "Nisaidieni tulitawanye."

Laiti angeuliza. Mawe yalikuwa mapya kwa sababu wenyeji wa hapa, kila apitaye, hurusha lake. Mimi nimerusha. Anfinn alirusha kila masika, akiwa peke yake. Lakini mambo hayo kwetu hayazungumzwi mezani. Mtu hufanya, akafunga mdomo, na mtoto akakua hajui.

Waliyatupa majini moja moja. Mogens alifurahi, akawa anashindana na mkewe nani atatupa mbali zaidi. Chini ya jiwe la mwisho palikuwa na shimo, refu kama mtu aliyelala. Lilionekana tupu. Mogens akainama kuchungulia.

Mkono ulitoka ardhini ukiwa na jiwe. Ukampiga mdomoni. Taya lilivunjika, na Sunniva aliusikia mfupa. Mogens akaanguka chali. Mkono ukampiga tena. Meno yalimwagika kwenye nyasi.

Kisha mwenye mkono akainuka. Alivaa sufu iliyooza. Nusu ya kichwa ilikuwa imebonyea ndani, na jicho lililobaki lilimtazama Sunniva.

Birthe alimburuta mumewe kuelekea majini, akilia bila sauti. Sunniva alijitia katikati. Jiwe likampata mbavuni, akapiga magoti. La pili likamchana kichwa. Damu ikamziba macho.

Anfinn alifika na upondo wa boti, akamchoma mtu yule tumboni. Hakutoka damu. Upondo ukavunjika.

"Mmefungua," Anfinn alinong'ona. Hakuwa na hasira. "Wazee wetu walimponda hapa kwa mawe, mwanangu. Anadai kisasi."

"Twende, mjomba. Twende botini."

"Atatufuata mpaka nyumbani."

Akamkumbatia yule mtu kwa nyuma, mikono yote miwili, wakaanguka pamoja shimoni. Sunniva aliona kiwiko kikimpiga mjomba wake usoni, tena, na tena. Pua ilikwisha. Anfinn hakuachia.

"Rundika," alisema.

"Siwezi."

"Rundika. Nguvu zinaniishia."

Alirundika. Jiwe la kwanza lilimvunja Anfinn bega. La pili hakulitazama lilipoangukia. Aliokota hata yale ya ndani ya maji, akiwa amezama hadi kifuani, akirudi mbio, akitupa, akilia, mpaka hapakuwa na kitu kinachotikisika.

Kwa polisi alisema waliteleza wote kwenye mwamba, na mjomba akazama majini. Birthe aliitikia kwa kichwa. Mogens hakuwa na mdomo wa kusemea. Wapiga mbizi walitafuta mpaka wakachoka. Gudlaug, mke wa Anfinn, bado humsihi Sunniva amwonyeshe mahali hasa, apate angalau mfupa wa kuzika. Sunniva humwonyesha maji. Akisema kweli, watafukua. Na wakifukua, ni nani ataingia shimoni safari hii?

Kazi hakuiacha. Watu walimshangaa, mimi sikushangaa. Kila akipita Skarvneset hushuka peke yake, akarusha jiwe, akarudi.

Septemba mvua ya manyunyu ilikuwa ikinyesha. Alirusha lake, akageuka.

"Sunniva."

Ilitoka chini ya mawe. Ilikuwa sauti ya Anfinn, na kikohozi chake kilekile cha tumbaku.

"Sunniva, mwanangu. Ameshakufa. Nimebaki peke yangu huku. Niondolee hata moja nipate pumzi."

Alisimama. Mvua ikamlowesha. Alinyoosha mkono, vidole vikagusa jiwe la juu. Lilikuwa vuguvugu.

"Mjomba," alinong'ona, "mama aliniita nani nilipokuwa mdogo?"

Halafu kitu kikacheka taratibu, bado kwa sauti ya Anfinn, na chini yake, mbali zaidi, mtu mwingine aliguna kwa maumivu.

Sunniva akainama, akachagua jiwe kubwa kuliko yote aliyoweza kubeba. Alijua litawapata wote wawili. Akalirusha.

Nililiona jiwe hilo kesho yake, nilipokwenda kurusha langu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, mawe mengine yote yameoshwa. Lile lilikuwa na damu mbichi, upande wa chini.