Sifuri ya Mama

Kila siku ya shule Jedida, mama yake Lynn, alitoka kwenda kazini hotelini Bofa kabla jua halijachomoza. Lynn, mwanafunzi wa darasa la sita, alibaki na chupa ya chai na mkate. Rafiki yake wa pekee, Kadzo, alikuwa amehamia Vitengeni. Nyumba kimya. Hapo ndipo tumbo lilipoanza kumkata, likamkata hasa, akachelewa shule.

Zahanati walimpima malaria, hamna. Wakampima minyoo, hamna. Mara tatu! Wenzake wakamwita Bi Tumbo, na Lynn akawa anakula chakula cha mchana peke yake nyuma ya darasa. Aliumia moyo, lakini hakumwambia mtu.

Mwalimu alipoagiza apelekwe tena, Jedida alimwambia Lynn mlangoni pa zahanati, "Leo ndiyo mwisho. Nimeomba ruhusa kazini mpaka naona haya. Wakikosa kitu, sikuleti tena."

Safari hii muuguzi, Sista Kahonzi, hakutoa sindano. Alitoa karatasi mbili zenye maswali yaleyale. Kwa wiki mbili zilizopita, tumbo la mtoto limeuma kiasi gani? Kichwa je? Sifuri ni haliumi kabisa, nne ni linauma mno. Karatasi moja alimpa Lynn, nyingine mama yake, kila mtu na kona yake.

Lynn aliogopa. Akiandika nne, si ataitwa mwongo? Akaandika sifuri. Tumbo likamkata palepale. Lo, sasa mwongo ni nani? Akafuta, akaandika nne.

Sista alizilaza karatasi pamoja. Tumbo: Lynn nne, mama sifuri.

"Waona, Sista? Vipimo safi, na bado asema anaumwa," Jedida alisema.

"Lynn, huuma saa ngapi?"

"Mama akishafunga mlango."

Macho ya Jedida yakajaa machozi.

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, Mama Lynn," Sista alisema kwa upole. "Kipimo cha damu hakioni upweke. Lakini maumivu ni ya kweli, hakukudanganya."

Jedida aliomba zamu ya kuanza saa mbili asubuhi, akapewa. Sasa walikunywa chai pamoja, kisha akamsindikiza Lynn hadi lango la shule.

Baada ya mwezi walirudi kujaza karatasi. Lynn aliandika moja bila kusita. Sista alipozilaza pamoja, ya mama nayo ilikuwa moja.

"Ukiumwa uniambie, mwanangu," Jedida alisema njiani. "Hata vipimo vikisema hamna, mimi nitakuamini."