Geuza Glavu Uone Ndani

Kila asubuhi mama mmoja alijifunga vidole kwa vitambaa vya shuka kuukuu. Kisha alikwenda kuchambua chupa zilizovunjika kwenye yadi ya vioo. Kabla ya saa nne vitambaa vilikuwa vimelowa damu.

"Vumilia kidogo," mumewe alimwambia. "Glavu zangu zimeshafika forodhani. Wewe na wenzako mtakuwa wa kwanza kuzivaa."

Mume alikuwa na duka la vifaa vya kazi. Watu walimwita Misumari, kwa bidhaa yake na kwa ukaidi wake pia: ukimgonga, anazidi kuzama. Hii ilikuwa mara yake ya kwanza kuagiza mzigo kutoka nje.

Wiki ikapita, na ya pili nayo. Mzigo ulizuiwa. Afisa wa forodha alisema maelezo ya kwenye fomu hayalingani na mali yenyewe. Misumari alirudi nyumbani amenuna.

"Si umuulize dada yangu?" mkewe alisema. "Yeye ni wakala wa forodha, ndiyo kazi yake hiyo."

"Shemeji? Anicheke mwaka mzima? Niache bwana."

Mficha uchi hazai, lakini Misumari alikumbatia aibu yake kama mali.

Siku ya kumi na saba ya kungoja, kipande cha chupa kilipenya kitambaa kikamchoma mkewe kidole cha shahada. Jeraha likatunga usaha. Daktari alijaribu kukiokoa kidole, akashindwa. Akakikata.

Ndipo Misumari alipokwenda kwa shemeji yake, na glavu moja ya sampuli mfukoni. Shemeji hakucheka.

"Uliandika nini kwenye fomu?"

"Glavu za mpira."

"Nani alikuambia ni za mpira?"

"Wateja wote wanaziita hivyo. Kiganja chake si cha mpira?"

Shemeji alichukua ile glavu, akaigeuza ndani nje.

"Pitisha kidole. Unagusa nini?"

"Nyuzi."

"Zimefumwaje?"

Misumari aliangalia kwa makini. "Kama sweta."

"Basi. Glavu hii ilifumwa kwanza, mpira ukapakwa baadaye. Forodha wanaiweka kwenye fungu la glavu za kufumwa zilizopakwa mpira au plastiki. Ya mpira mtupu, kama ile ya kuoshea vyombo, ina fungu lake. Ya ngozi ina lake. Ya kitambaa kama cha shati, kilichokatwa kikashonwa, nayo ina lake."

"Na ya kufumwa isiyopakwa kitu?"

"Hiyo utataja uzi wake: sufu, pamba, nailoni. Ushuru unafuata fungu, shemeji. Ndiyo maana hawawezi kupokea jina la mitaani."

Misumari alipitisha kidole tena kwenye zile nyuzi. Halafu akasema, "Kumbe ni jambo la dakika tano."

"Dakika tano tu," shemeji alijibu, na macho yake yalikuwa mekundu. "Kesho tutaomba kurekebisha fomu. Na siku nyingine, kabla hujaagiza, waandikie forodha. Wapelekee sampuli, uombe uamuzi wa maandishi. Kuuliza si ujinga."

Fomu ikarekebishwa, glavu zikatoka. Kabla ya kuagiza tena, Misumari aliomba uamuzi wa maandishi. Mzigo wa pili ulipofika, ulitoka kesho yake. Siku hizi pale yadini hakuna anayejifunga matambara.

Kidonda kilipopona, mkewe alijiandaa kurudi kazini. Alivaa glavu mpya. Kidole cha shahada kikaning'inia kitupu.

"Hiki kitanasa kwenye vioo," alisema.

Machozi yalimlengalenga Misumari.

"Usinililie, baba watoto. Wanasema kidole kimoja hakivunji chawa. Mimi bado ninavyo tisa."

Misumari hakuweza kucheka. Alichukua sindano na uzi, akaketi karibu na dirisha. Akaigeuza glavu ndani nje, kama alivyofundishwa, akakishona kile kidole kwa ndani, polepole, mpaka kikaziba.