Masalu Hakuwa Pamba Fifi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Malimi alishuka ziwani kuteka maji, kisha akapika uji wa mtama. Uji wa mdogo wake Masalu aliuongeza maji mpaka ukawa mwepesi kabisa, maana Masalu hakuweza tena kutafuna. Taya lake la kushoto lilikuwa limevimba hata shavu likaanza kulifunika jicho.

"Kunywa polepole," Malimi alimwambia.

"Dada, leo tutacheza gololi?"

"Ukimaliza uji, tutacheza."

Ugonjwa ulikuwa umeanza na jino lililolegea. Jirani mmoja aliling'oa, akasema mtoto atapona. Jino lilitoka, lakini uvimbe ulibaki, tena ukazidi kukua. Zahanati ilikuwa mbali, na baba yao alikuwa visiwani Ukerewe akivua samaki. Mama yao aliendelea kuomba Mungu na kusubiri.

Waliishi katika kijiji cha ujamaa cha Jitegemee, kando ya Ziwa Viktoria, wilayani Magu. Wanakijiji walilima pamba kwa pamoja, na wakati wa mavuno kina mama walikaa nje ya ghala wakiichambua. Ile nyeupe isiyo na doa iliitwa pamba safi. Ile yenye madoa iliitwa pamba fifi. Mgeni alipokuja kutazama mavuno, pamba safi iliwekwa mbele mlangoni, na fifi ikasukumwa nyuma, gizani. Kwa pamba, hakuna ubaya.

Siku hiyo Mzee Mayala, balozi wa nyumba kumi, alipiga hodi. Alikuwa mchapakazi, ila alipenda mno kusifiwa.

"Shikamoo, mzee," Malimi alisema.

"Marahaba. Mama Malimi, kesho tuna mgeni. Daktari anatoka Mwanza kuja kuangalia afya za watoto. Unajua kwamba tunashindania ngao ya kijiji bora?"

"Najua, mzee."

"Basi huyu mgonjwa wako asionekane. Mpeleke ghalani, akae nyuma ya magunia mpaka mgeni aondoke. Tusije tukaitwa kijiji cha maradhi."

Malimi hakuweza kuvumilia. "Mzee, Masalu ameiba nini hata afichwe?"

"Watoto wa siku hizi! Wakubwa wakiongea, wewe sikiliza."

Mama yao aliinamisha kichwa. Neno la balozi lilikuwa zito, na mumewe hakuwepo. "Sawa, mzee," alijibu.

Sawa! Sawa kwa nani? Malimi alikwenda shule na hasira zake, na siku nzima hakusikia alichofundishwa.

Kesho yake kijiji kizima kilikuwa kimefagiliwa. Ngoma zilipigwa, na watoto walipangwa mstari wakiwa wamevaa nguo safi. Daktari Renatha Lwakatare, mwanamke wa makamo aliyezaliwa upande wa Bukoba, alishuka garini, akasalimia wazee, akashukuru kwa ngoma. Soda aliyoletewa hakuimaliza.

"Ndugu zangu, nimekuja kutafuta wagonjwa," alisema. "Kuna saratani inayowapata watoto katika maeneo haya ya ziwa. Mara nyingi taya huvimba na meno hulegea. Si uchawi, na haiambukizwi kwa kula pamoja na mgonjwa. Sisi watafiti tunachunguza kama malaria ya mara kwa mara ndiyo inayowaweka watoto katika hatari zaidi. Tukijua hivyo, tutajua jinsi ya kuwakinga. Tena mgonjwa akiwahi hospitali, dawa ipo."

Dawa ipo! Moyo wa Malimi uliruka. Alimtazama mama yake, akamwona anageuka kutazama upande wa ghala.

Daktari alianza kupita nyumba kwa nyumba. Mzee Mayala alitangulia, akawa anajibu kabla kina mama hawajafungua vinywa.

"Watoto wanapata homa hapa?" Daktari aliuliza.

"Hapa hatuna homa, Daktari."

Nyuma yake mtoto alikuwa amejifunika blanketi juani, meno yakigongana. Mbu wenyewe wangesikia jibu hilo wangecheka. Daktari alimtazama mtoto yule, akamtazama balozi, akaendelea kuuliza.

"Na uvimbe wa taya?"

"Hakuna kabisa."

Walifika kwa kina Malimi. Safari hii Daktari alimgeukia mama mwenyewe. "Mama, una watoto wangapi?"

Mama alimtazama Mzee Mayala. Kisha akajibu kwa sauti ndogo, "Mmoja, Daktari. Ni huyu."

Malimi alihisi kama amepigwa kofi. Masalu, ambaye walilala naye mkeka mmoja, amefutwa kwa neno moja! Na wote waliosimama pale walijua, wakanyamaza.

"Si kweli!" alisema kwa nguvu. "Daktari, mama ana watoto wawili. Wa pili yuko ghalani, nyuma ya magunia. Taya lake limevimba."

"Mtoto huyu hana adabu!" Mzee Mayala alifoka.

"Adabu gani, mzee? Umemficha mdogo wangu kwa sababu ya ngao!"

 Daktari alimshika Malimi mkono, wakaenda moja kwa moja ghalani. Masalu alikuwa amekaa gizani katikati ya pamba fifi, nyuzi zimemjaa nyweleni, macho yanatoa machozi kwa harufu ya dawa ya kuulia wadudu.

"Dada," aliuliza, "mgeni ameshaondoka?"

Daktari alipiga magoti, akamgusa taya taratibu, akamwangalia meno. Aliposimama, alimgeukia balozi kwa hasira.

"Mzee Mayala, watu si pamba! Mmewachambua watoto, safi mbele na fifi nyuma. Mimi ningerudi Mwanza na kuandika kwamba hapa hakuna ugonjwa huu. Dawa zingepelekwa kwingine, na mtoto huyu angekufa huku ninyi mnapigiwa makofi!"

Mama alipita katikati ya watu akilia, akambeba Masalu mgongoni.

Siku hiyohiyo walipanda gari la Daktari kwenda hospitali Mwanza. Vipimo vilionyesha kwamba ni saratani ileile. Masalu alichomwa sindano nyingi. Alitapika, nywele zikanyonyoka, akalia kutaka kurudi nyumbani. Lakini uvimbe ulianza kunywea, ukaendelea kunywea mpaka shavu likarudi mahali pake.

Ngao ilikwenda kijiji kingine. Baada ya mvua za masika Daktari Renatha alirudi Jitegemee, na safari hii hakukuwa na ngoma. Mzee Mayala alisimama mbele ya mkutano, kofia mkononi.

"Nilisema nalinda jina la kijiji," alisema. "Kumbe nilikuwa nalinda jina langu. Mama Malimi, nisamehe. Nawe Malimi, nisamehe."

Kina mama wakaanza kuwaleta watoto wao wenye homa. Mmoja alimtoa binti yake aliyekuwa na uvimbe mdogo tu chini ya jicho, ambaye hakuna aliyekuwa amemwona kwa wiki kadhaa.

"Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua," Daktari aliwaambia. "Mimi sijui kila kitu kuhusu ugonjwa huu, ndiyo maana nauliza. Ukinipa jibu la uongo, anayeumia ni mtoto atakayeugua kesho. Waheshimuni wakubwa, watoto wangu. Lakini mkubwa akikuagiza uongo unaohatarisha maisha ya mtu, kusema ukweli si utovu wa adabu. Malimi alisema, na ndugu yake yuko hai."

Kisha akaanza tena kupita nyumba kwa nyumba. Alipofika kwa kina Malimi, aliuliza swali lilelile. "Mama, una watoto wangapi?"

Mama hakumtazama mtu yeyote pembeni.

"Wawili, Daktari," alijibu kwa sauti iliyosikika hadi barabarani. "Huyu ni Malimi. Na yule pale anayetafuna muwa ni Masalu."