Daftari la Ufa

"TANGAZO RASMI. Wakazi wote wa Mtaa wa Nasieku, Kitengela, wanaarifiwa kwamba Kamati, baada ya mashauriano ya kina yaliyochukua vikao vitatu, imeidhinisha krimu kuwa rangi ya pekee ya mageti. Krimu inayokubalika ni ile iliyofifia kidogo. Mwenye geti la krimu iliyokolea apewe siku thelathini za kujirekebisha."

Resian, msichana wa Gredi ya Saba, alilisoma tangazo hilo kila asubuhi alipotoka kwenda shuleni, kwa kuwa lilibandikwa kwenye geti lao, ambalo lilikuwa la kijani. Hata hivyo, geti halikuwa tatizo la nyumba ile.

Baba yake, Samuel Lemayian, alikuwa amefanya kazi Magadi kwa miaka kumi na minne, na familia ikaishi katika nyumba ya kampuni. Huko bomba likivuja, mtu aliandika katika kitabu cha malalamiko, kisha akaketi kungoja. Kabla ya wiki kwisha, fundi wa kampuni alikuwa mlangoni. Starehe hiyo ilimfunza Baba kwamba nyumba hurekebishwa kwa kalamu.

Nyumba ya Kitengela aliinunua mwezi wa Januari, wakati wa kiangazi. Aliipenda rangi yake mpya. Hakuuliza kwa nini nyumba ya miaka tisa ilikuwa imepakwa rangi wiki moja kabla ya kuuzwa. Mvua za Machi zilipoanza, rangi ilishindwa kuendelea na uongo wake: katika chumba cha nyuma ukatokea ufa, kuanzia pembe ya dirisha hadi sakafuni. Chumba hicho kilikuwa kimetengewa Koko, yaani nyanya yake Resian, aliyetarajiwa kutoka Kajiado kuja kukaa nao, maana Mama angebaki kazini Magadi hadi Desemba.

Baba aliketi, akaiandikia Kamati barua ya kurasa mbili kuhusu ufa.

"Baba, hapa hakuna kampuni," Resian alimwambia. "Nyumba ni yetu."

"Kila mahali kuna wahusika," Baba alijibu, akalamba bahasha.

Wiki tatu zilipita bila mhusika yeyote kutokea. Ndipo Baba alipomwita Fundi Kisemei, mwashi mwembamba mwenye maneno machache na dharau nyingi.

"Nani aliwauzia hii?" Kisemei aliuliza.

"Mtu muungwana sana," Baba alisema.

"Muungwana gani anapaka rangi juu ya ufa?"

Baba aliunyoshea ukuta kidole, akaamuru: "Piga plasta."

"Sipigi. Udongo mweusi wa hapa ukinywa maji hufura, ukikauka hunywea. Msingi wenu umeukalia kama mtu aliyepanda punda. Punda akitikisika, naye anatikisika. Kwanza nataka kujua kama ufa umelala au unatembea. Kama umelala, plasta inatosha. Kama unatembea, plasta ni poda ya uso."

Alichora alama mbili za penseli, moja kila upande wa ufa, kisha akamgeukia Resian. "Wewe, uko na rula?"

"Niko nayo."

"Kila asubuhi kabla ya chai, pima kutoka alama hii hadi hii. Andika katika daftari. Siku thelathini. Usiruke hata moja."

Resian alipima siku saba. Wiki hiyo mvua ilikuwa imekatika, na kila asubuhi rula ilisema jambo lilelile: milimita arobaini. Siku ya nane aliamua kwamba ufa hauna habari mpya. Aliketi mezani, akaandika arobaini mara ishirini na tatu, akibadilisha kalamu kila baada ya mistari michache ili kazi ionekane ya siku nyingi. Muda alioutumia kutafuta kalamu ungetosha kupima ufa hadi mwisho wa mwezi. Hivyo akawa mtu wa kwanza Kitengela kujua ukuta utakavyokuwa wiki tatu baadaye.

Siku mbili tu baadaye mvua ilirudi.

Koko Naserian alifika ikiwa imebaki wiki moja ya zile siku thelathini. Resian aliinamisha kichwa, naye Koko akakigusa kwa kiganja.

"Takwenya," Koko alimsalimu kwa Kimaasai.

"Iko," Resian akaitikia.

Koko hakuingia ndani mara moja. Aliizunguka nyumba polepole, akitazama miguu ya kuta. Kwao Wamaasai, kama desturi ilivyo, nyumba hujengwa na wanawake. Ikivuja, mwenye nyumba mwenyewe hupanda juu na samadi na udongo kabla majirani hawajapata cha kusema.

"Nani alijenga hii?" aliuliza.

"Wanaume, Koko."

"Nilidhani hivyo."

Chumbani aliutazama ufa kwa muda. Alitoa punje ya mahindi mfukoni, akaisukuma ndani ya ufa kwa kidole gumba mpaka ikakwama kabisa. Kisha akaweka kitanda chake chini ya dirisha, akaomba chai.

Siku ya thelathini, Jumamosi asubuhi, Kisemei alirudi na mfuko wa simiti. Alifungua daftari. "Arobaini, arobaini, arobaini. Ufa umelala. Tunapiga plasta leo."

"Nilijua," alisema Baba, ambaye hakujua.

Resian alitumwa kusogeza kitanda cha Koko. Alipokivuta, aliona kitu cha manjano sakafuni. Aliiokota: ilikuwa ile punje ya mahindi. Hakuna aliyeichokoa, ukuta ulikuwa umefunguka ukaiachilia. Alitazama juu, akaona jiwe la pembe ya dirisha limelegea, na moja kwa moja chini yake, mto wa Koko.

Nje, sepetu ya Kisemei ilikuwa ikikoroga simiti. Punje ni kitu kidogo, ingeweza kufagiliwa. Resian alilifikiria jambo hilo kikamilifu. Alipogeuka, Koko alikuwa amesimama mlangoni, akiutazama mkono wa Resian ulioshika punje.

Resian alitoka nje. "Fundi, acha kukoroga."

"Kwa nini?"

"Daftari ni la uongo. Nilipima siku saba tu. Zile nyingine niliziandika kwa siku moja."

Kisemei aliweka sepetu chini, akaingia na rula. "Arobaini na sita," alitangaza. "Ningeziba leo, ufa ungeendelea kutembea chini ya plasta na sisi tukijisifu. Siku moja lile jiwe la dirishani lingemshukia huyu mama mzee."

"Ulidanganya kwa nini?" Baba aliuliza.

"Namba ilikuwa moja kila siku. Nilichoka."

"Ulichoka na kazi ya dakika moja," Kisemei alisema. "Hata uvivu wako ni mvivu."

Chanzo hakikuwa fumbo. Bomba la kutoa maji ya paa liliyamwaga yote kwenye pembe ile ya msingi. Walichimba mtaro wa kuyapeleka mbali, wakauondoa udongo mweusi kando ya ukuta, wakajaza changarawe na kuishindilia. Baba alichimba kwa mara ya kwanza maishani, akaonyesha malengelenge yake.

"Hayo uiandikie Kamati," Kisemei alimshauri.

Resian alibeba changarawe kwa ndoo, kisha akapima tena siku thelathini, kabla ya chai. Mvua za mwisho zilinyesha, na rula ikarudia arobaini na sita mpaka mwisho: namba ileile ya kuchosha, ila safari hii ilikuwa kweli. Ndipo Kisemei alipofunga ufa kwa wavu wa waya na plasta.

Jioni hiyo Koko alimketisha Resian kando yake.

"Ukuta ukipasuka, unazungumza," alisema. "Aliyetuuzia aliuziba mdomo kwa rangi. Baba yako alitaka kuuziba kwa barua, na wewe ukauziba kwa kalamu. Kazi ndogo ikifanywa kwa uongo haiwi ndogo tena, mtoto wangu, kwa sababu kuna mtu analala chini yake."

Resian alikubali.

Siku iliyofuata, Bwana Kiama, mwenyekiti wa Kamati, alileta mwenyewe majibu ya barua ya Machi. Alilitazama geti la kijani kwa huzuni, akaondoka bila kuingia.

"Walikuja kupima?" Koko aliuliza.

"Hawakuja, Koko."

"Haya, soma."

Resian akasoma: "Kuhusu malalamiko ya Bwana Lemayian, Kamati imeketi mara nne na kuamua kwa kauli moja kwamba ufa wowote usioonekana kutoka barabarani hautambuliwi kuwa upo. Suala hili limefungwa."