Nguo Haijifui

Kila akitoka shuleni, Chiriku hupitia dukani kwa mama yake, dobi, kukunja shuka zilizopigwa pasi. Jina hilo alipewa kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Lakini hii ilikuwa wiki ya tatu anakunja kimya, hata wateja wakauliza kama kuna msiba.

Msiba ulikuwepo, ila aliujua peke yake. Aliunguza gauni jeupe la muuguzi kwa pasi, akalificha nyuma ya tangi la maji. Lilipoonekana, mama alimshuku Shangazi aliyekuwa akipiga pasi pale, akamwambia abaki nyumbani. Shangazi aliapa hadi akalia. Chiriku alisimama palepale akisikia yote, na hata neno moja halikumtoka.

Tangu hapo alihangaika kuwa mwema ili moyo utulie. Alifunga. Alifagia kanisa mpaka chini ya mabenchi. Alisali hadi magoti yakauma, lakini akifika pa kuomba msamaha, anarukia ombi jingine. Alijiona kama mtu aliyetumbukia kisimani na kamba haipo.

Jumamosi, mteja alileta shati huku amefunika mfuko wa shati hilo kwa kiganja. Mama aliufunua, akakuta doa la wino. Akamweleza kwa upole kuwa doa likifichwa, maji ya moto hulikaza lisitoke tena. Mteja akacheka kwa aibu, akaenda zake. Chiriku akaangua kilio, shuka mkononi.

"Mama, gauni lile niliunguza mimi. Nimefunga, nimefagia kanisa, nimesali. Hatia haitoki."

Mama aliweka shati kando. Hasira ilimjia, huruma ikaitangulia. Akaketi.

"Mwanangu, umewahi kuona nguo ikijifua?"

Chiriku akatikisa kichwa.

"Na roho ni vivyo hivyo. Tungeweza kujisafisha wenyewe, Yesu angekuja kufanya nini? Mwonyeshe doa lote. Kulitoa ni kazi yake."

Waliomba pamoja katikati ya mafurushi ya nguo. Maneno ya Chiriku yalikuwa machache, lakini hakuficha kitu. Aliposimama, kabla hajaambiwa, alisema anakwenda kwa Shangazi.

Walikwenda wote wawili, maana mama naye alimhukumu wifi yake bila kuuliza vizuri. Shangazi aliwasikiliza mlangoni, akafuta macho kwa ncha ya kanga, akasema Jumatatu atarudi kazini.

"Umeona?" mama alimwambia Chiriku. "Msamaha wa Mungu haupatikani kwa kufagia, unapokelewa tu. Na aliyeupokea hakawii kutengeneza alichoharibu."

Njia nzima ya kurudi Chiriku alizungumza, mpaka mama akamwomba apumzike kidogo.