Kila Jumamosi Mume Wangu Alimzika Mama Yangu

"Kwenye chumba kile cha juu, mabibi na mabwana, ndipo alipokata roho. Peke yake. Kwa njaa..."

Aliyenong'ona hivyo ni mume wangu.

Chumba alichokinyooshea kidole ni cha mama yangu mzazi. Na mama, wasomaji wangu, muda huo alikuwa humo humo ndani, kajipaka wanja, anasubiri kuitwa aimbe.

Ngoja niwarudishe nyuma, maana najua mshaanza kuniuliza maswali.

Mume wangu anatembeza wageni kwenye mitaa ambayo watalii hawaijui. Wanakula vibandani, wanapigwa historia, wanamalizia na muziki wa laivu. Anajiita Bwana Historia. Mtu ambaye tarehe ya ndoa yetu mpaka nimkumbushe.

Mama yangu aliimba na bendi iliyojaza kumbi zote za mji huu. Magoti yakamgomea, akabaki nyumbani. Nyumba ni yake. Yeye yuko juu, mimi na Bwana Historia tuko chini, bure kabisa.

Basi huyu bwana akamwahidi, "Mama, kila Jumamosi nakuletea wageni mlangoni. Wewe unawaimbia."

Mama alifurahi kama mtoto. Kila Jumamosi anavaa gauni la jukwaani na kukaa nyuma ya pazia zito, dirisha limefungwa, asionekane kabla ya kuitwa. Jioni mkwewe anarudi.

"Leo wageni walichoka, mama. Wiki ijayo."

"Haya mwanangu. Wiki ijayo."

Hiyo wiki ijayo ikala miezi.

Mimi ni msusi. Siku moja mteja kanikalia kwenye kiti, ananisimulia alivyolia machozi nje ya nyumba ya mwimbaji marehemu. Akanionyesha picha kwenye simu. Nikaona mlango wetu. Nikaona na shuka langu la njano limeanikwa kambani.

Nilimmalizia nywele zake, na Jumamosi nikavaa miwani mikubwa na barakoa, nikajiunga na msafara.

Mtasema, mume wako hakukutambua? Mwanaume ambaye hajanitazama usoni tangu mwaka juzi, angenitambuaje?

Nilisikia mambo, jamani... Kibanda cha supu kilichofunguliwa mwezi uliopita kikawa cha enzi za mababu. Gereji ya mtaa wa pili ikawa ikulu ya mfalme. Mgeni mmoja mwenye kofia ya majani akalipapasa tairi bovu kwa heshima zote. Nilimwonea huruma, halafu nikaacha.

Ndipo tukafika kwetu, na mama akafa kwa njaa.

Nikavua miwani na barakoa.

"Kafa njaa lini? Mbona asubuhi kala mayai mawili?"

Bwana Historia alitoka jasho. Akanivuta pembeni.

"Mke wangu, elewa. Marehemu anauza. Nani atamlilia bibi mwenye magoti mabovu?"

Dirisha likafunguka juu yetu. Mama alikuwa amesikia sauti yangu, akadhani hatimaye ameitwa.

Akaanza kuimba.

Sauti ina mikwaruzo siku hizi, lakini bado inashika moyo. Mimi nililia, sifichi.

Alipomaliza, mume wangu akapiga makofi bila haya. "Na huyo, mabibi na mabwana, ni mwigizaji wetu!"

Mwenye kofia akatikisa kichwa. "Anajitahidi. Ila marehemu alikuwa bora."

Hajawahi kumsikia huyo marehemu kabla ya dakika ile.

Mama alishuka ngazi polepole, kashika ukuta. Nilijua atalia. Hakulia.

"Mkwe, umewaambia hawa watu nimekufa?"

"Ni mambo ya kazi tu, mama."

"Nimekufa au sijafa? Sema wakusikie."

Mume wangu akawatazama wageni. Akamtazama mama. Neno moja tu lingemwokoa...

"Amekufa," akasema, na tabasamu lake la biashara halijamtoka.

"Vizuri. Mimi ndiye niliyekuruhusu ukae nyumba hii. Sasa nimekufa, na ruhusa imekufa. Mrithi wangu ni mmoja tu, huyo msusi. Muulize yeye utalala wapi leo."

Mume wangu akanigeukia. Mara hii alinitazama usoni vizuri sana.

Nikamwambia akalale kwenye ikulu yake, pale gereji.

Wageni wakapiga makofi. Walidhani ni sehemu ya ziara.

Siku hizi mama anaimba kibarazani kila Jumamosi, na watu wanakuja wenyewe bila kuongozwa. Yule wa kofia huwa hakosi. Bado anasema marehemu alikuwa bora, na mama anamjibu, "Kweli kabisa, baba," halafu anaendelea na wimbo wake.

Funzo? Msikilizeni mzee wenu angali anapumua. Na wewe unayekaa nyumba ya watu, usiwe na haraka ya kumzika mwenye nyumba.