Sauti ya Kasuku

Mara ya kwanza Mrefu alidhani masikio yanamchezea. Alikuwa amerudi kutoka chuoni mchana, jua linawaka, ufunguo mkononi, na kabla hajauingiza kwenye kitasa akamsikia Kasuku, mwenzake wa chumba, ndani akijifundisha uhasibu wa menejimenti.

"Kodi ya kiwanda utailipa tu, utengeneze viatu, usitengeneze viatu. Ngozi ndiyo inayopanda na kushuka."

Mrefu akasonya. Hata akiwa peke yake huyu mtu hanyamazi! Akafungua mlango.

Hapakuwa na mtu. Vitanda viwili vimetandikwa, dirisha limefungwa, na harufu imetanda kama ya nguo iliyokunjwa mbichi ikasahaulika sandukuni.

"Mbona umesimama mlangoni kama mgeni?"

Alikuwa Kasuku, nyuma yake, ndoo ya maji mkononi.

"Ulikuwa wapi?"

"Bombani, shoga yangu. Foleni imenitoa roho."

Mrefu hakumwambia alichosikia. Siku hizo yalikuwa mengi asiyomwambia.

Walikuwa marafiki tangu shule ya msingi. Mmoja aliitwa Mrefu kwa kimo chake, mwingine Kasuku kwa sababu kitu hakikumwingia kichwani mpaka akiseme kwa sauti. Walipanga chumba kimoja karibu na chuo na kusoma kozi moja, na hapo ndipo wivu ulipoanza kumla Mrefu. Mhadhiri wao, mzee asiyejua kucheka, alicheka na Kasuku. Jioni wanafunzi walijazana chumbani waelezwe bajeti na gharama, wakaketi kwenye kitanda cha Mrefu bila hodi na kumwambia mwenye kitanda, "Sogea kidogo." Mrefu alisoma mpaka macho yakawa mekundu, na asubuhi hakuna kilichobaki. "Nitakueleza tena, pole pole," Kasuku alikuwa akimwambia, na ile pole pole ilimchoma kuliko tusi. Hata mama yake kwenye simu: "Mwambie mwenzako akusaidie."

Ndiyo maana, wiki iliyotangulia, akijitazama kwenye kioo, alisema kwa sauti, "Laiti sauti ile ingekuwa yangu!" Hakujua anamwambia nani.

Sauti ilirudi kesho yake mchana, Kasuku akiwa maktaba. Ilitoka chini ya kitanda cha Mrefu, tulivu, pamoja na ile harufu. Mtu mwingine angetimua mbio. Mrefu aliinama, akauliza kwa kunong'ona, "Na umeme wa kiwandani je? Nao ni kama kodi?"

Ikamjibu. Ikamweleza vizuri, bila huruma, bila pole pole. Na kwa mara ya kwanza tangu aanze chuo, Mrefu akaelewa.

Ikawa ndio mchezo wao kila mchana. Mrefu akichanua, Kasuku akinyauka. Kwanza ilikuwa kikohozi. Kisha maneno yakawa yanamponyoka: "Ile... ile nini, jamani, ile tunayotoa kwenye mauzo..." Siku ya kuwasilisha bajeti ya kiwanda mbele ya darasa, Kasuku alisimama, akafungua kinywa, ikatoka pumzi tu. Akashika koo. Darasa likaanza kuguna.

Mrefu akainuka nyuma, akaenda mbele, akaieleza bajeti yote bila kutazama karatasi.

"Kumbe tulikuwa na hazina tumeificha nyuma ya darasa!" mhadhiri akasema, na akacheka.

Walimpigia makofi. Kasuku naye alipiga, machozi yakimtiririka, na Mrefu akaona utamu ambao hajapata kuuonja maishani.

Utamu haukudumu. Kasuku alikauka sauti kabisa, hospitali hawakuona ugonjwa, na ile sauti haikusubiri tena chumba kiwe kitupu. Jioni moja umeme ulikatika, Kasuku amelala chali, Mrefu anapapasa kutafuta kiberiti, harufu ya ubichi ikapanda kutoka sakafuni ikajaa puani na mdomoni, na chini ya kitanda sauti ikaanza kucheka, cheko la Kasuku lenyewe, lile la kuvuta pumzi katikati, na Kasuku mwenyewe aliye bubu akaketi gizani akilisikia, akamrukia Mrefu, akamkumbatia kwa nguvu za mtu anayezama, na cheko likakatika, na sauti ileile ya Kasuku ikasema taratibu, karibu kabisa na miguu yao:

"Mwambie atoke. Chumba hiki ni chetu wawili."

Kulipokucha Mrefu alimpigia simu shangazi yake Kasuku. Shangazi alikuja na mganga, mwanamke mwembamba ambaye kazi yake ya kutwa ilikuwa kushona. Futi ya kupimia nguo ilikuwa bado shingoni. Akamkalisha Kasuku sakafuni, akaweka kiganja kooni pake, akafumba macho.

"Umefuata nini humu?"

"Nimeitwa." Midomo ya Kasuku haikucheza.

"Nani kakuita?"

Mrefu akakikodolea macho kitanda chake. Sauti ikasema, kwa upole wa mpenzi, "Simtaji. Ni wangu. Nikimtaja mtamchukua."

"Basi weka siri yako," mganga akasema. "Wanaolala humu watakufukuza kwa vinywa vyao. Mmoja mmoja. Semeni: toka."

Kasuku alijikaza mpaka mishipa ya shingo ikasimama. "To... ka." Ilikuwa pumzi tu, lakini neno lilisikika.

Zamu ya Mrefu. Alimtazama rafiki yake, jasho usoni, nywele zimemnata, na alimpenda, kweli alimpenda. Lakini mtihani ulikuwa keshokutwa. Alimwona mhadhiri akicheka. Alijiona tena pembeni mwa kitanda chake, akiambiwa asogee. Shangazi alikuwa analia kwa sauti, na ndani ya kilio kile Mrefu akachezesha midomo bila kutoa neno.

"Umesema?" mganga akauliza.

"Nimesema."

Mganga alimtazama kwa muda. Harufu ikapungua. Kasuku akakohoa, akasema, "Maji," kwa sauti yake mwenyewe, na shangazi akaanguka magotini kwa furaha.

Walimwondoa siku ileile akapumzike nyumbani, mtihani wake akaufanye mwakani. Mlangoni Kasuku alimkumbatia. "Angekuwa mwingine angenikimbia. Mungu akulipe, Mrefu."

Mganga alitoka wa mwisho. "Mwanangu," alisema chini chini, "pepo huyu haendi mbali kama hakufukuzwa na wote. Na hapendi kugawana." Akaondoka bila kungoja jibu.

Siku ya mtihani Mrefu aliketi, akafungua maswali, akangoja. Harufu ikaja. Mnong'ono ukamwingia sikioni, safari hii si sauti ya Kasuku, ila kitu kizito, kinachokwaruza, na aliandika kila kilichosemwa. Alimaliza kabla ya wote. Wenzake wa dawati la karibu walikuwa wamesogeza viti vyao mbali, hata wao hawakujua kwa nini.

Nje, juani, watu wakipita na kucheka, akampigia mama yake.

"Mama! Nimefaulu, najua nimefaulu! Mimi mwenyewe, bila Kasuku!"

"Alhamdulillahi, mwanangu." Akashusha sauti. "Lakini huyo mwanamume aliye karibu yako ni nani?"

"Mwanamume gani? Niko peke yangu."

"Anaongea juu ya sauti yako, mwanangu. Tangu ulipopiga. Ananiambia nisikutafute tena. Anasema nimekaa na wewe vya kutosha." Mama alianza kulia. "Mwanangu, ondoka hapo ulipo! Ondoka sasa hivi!"

Simu ikakatika. Mara ikaita tena, jina la mama kwenye kioo chake. Mrefu alitaka kupokea. Mungu shahidi, alitaka. Akaona kidole chake mwenyewe kikishuka taratibu, kikaikata.